Namna ya Kusoma Chombo cha Fedha Kilichofuliwa kwa Waungwana wa Italia

Mtu anapokabidhiwa dele la kahawa la fedha lililofuliwa Roma katika miaka ya 1780, jambo la kwanza analolifanya ni kulipindua ili atafute chapa, na la pili ni kulisugua ling'ae. Mwongozo huu unamsihi ayaache yote mawili kwanza. Chombo cha aina hiyo ni hati. Umbo lake, uzito wake, mahali palipolehemiwa, chapa zake na nembo iliyochorwa ubavuni mwake vinaeleza nani alikifua, kwa ajili ya nani na kimepitia mikono gani tangu hapo. Sehemu kubwa ya ushahidi huo imekaa kwenye ngozi ya juu ya fedha, na kitambaa chenye dawa kali kinaweza kuifuta alasiri moja tu. Kwa sababu hiyo hatua zinazofuata zimepangwa kuanzia lile lisilogusa chombo kabisa hadi lile linaloweza kukibadilisha.

Vyombo ninavyovizungumzia ni vya mtindo wa klasiki mamboleo, yaani ule uliorudia maumbo ya Ugiriki na Roma ya kale, ambao ulishika nchini Italia kuanzia miaka ya 1760 na ukaendelea mpaka miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Italia wakati huo haikuwa dola moja. Roma ilitawaliwa na Papa, Torino na wafalme wa ukoo wa Savoia, Napoli na wafalme wa ukoo wa Bourbon, nazo Venezia na Genova zilikuwa jamhuri zilizoongozwa na koo za waungwana. Kila mji ulikuwa na chama chake cha masonara, kipimo chake cha usafi wa fedha na chapa zake, na anayelisahau jambo hilo hupotea njiani mapema.

Hatua ya kwanza: Andaa mahali pa kufanyia kazi

Chagua meza iliyo karibu na dirisha, uitandike taulo nene la pamba. Usitumie blanketi la sufu, kwa sababu sufu ina salfa, na salfa ndiyo inayoifanya fedha iwe nyeusi. Vaa glavu safi za pamba au za nitraili, usivae zile za mpira wa kawaida kwa sababu hiyo hiyo ya salfa. Utahitaji lenzi ya kukuzia mara 10, mizani inayopima gramu, rula ya plastiki, daftari na penseli.

Kishike chombo kwa kiwiliwili chake, kwa mikono miwili, wala usikinyanyue kwa mkono wake hata kama mkono huo unaonekana imara. Madele mengi ya kahawa yana mkono wa mbao nyeusi uliofungwa kwa vijiti vidogo vya fedha, na mbao iliyokauka kwa zaidi ya miaka 200 hupasuka bila kutoa ishara yoyote.

Hatua ya pili: Tazama umbo kabla ya kutafuta chapa

Chapa inaweza kughushiwa, inaweza kuhamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, na inaweza kufutika. Umbo ni gumu zaidi kulidanganya, kwa hiyo anza nalo na uandike rai yako kwenye daftari kabla chapa hazijakushawishi.

Uchimbaji wa Herculaneum na Pompeii, miji ya Kirumi iliyofukiwa na volkeno, ulianza mwaka 1738 kwa mji wa kwanza na mwaka 1748 kwa wa pili, chini ya mfalme wa Napoli, na kuanzia mwaka 1757 michoro ya vitu vilivyofukuliwa ikaanza kuchapishwa kwa majuzuu makubwa. Mwaka 1769 Giovanni Battista Piranesi alitoa Roma kitabu chake cha michoro ya mapambo ya meko na samani, kilichochanganya sanaa ya Warumi, ya Waetruski (watu wa Italia waliowatangulia Warumi) na ya Wamisri. Waungwana waliojihesabu kuwa wazao wa Roma ya kale walitaka meza zao nazo zifanane na Roma hiyo, na masonara wakawatii.

Linganisha basi. Dele la kahawa la mtindo uliotangulia lina tumbo la pea, mbavu zilizosokotwa kama kamba, na mstari wake hauna mahali unaponyooka. Dele la klasiki mamboleo limechukua umbo la yai au la mtungi wa kuhifadhia majivu ya wafu wa Kirumi, limesimama juu ya kitako cha duara au cha mraba au juu ya miguu mitatu inayoishia kwa kwato au kucha za simba, na ukingo wake umezungushiwa mlolongo wa shanga ndogo za fedha. Mapambo yake yanatambulika: majani ya akantho yaliyokumbatia sehemu ya chini ya tumbo, makoja ya majani ya loreli yaliyoning'inia kati ya vichwa vya kondoo dume, mstari unaokunjwa kwa pembe za mraba bila kukatika, medali zenye vichwa vya watu vilivyotazama upande, masfinksi (viumbe wenye mwili wa simba na kichwa cha mtu) na nyoka. Kadiri miaka inavyosogea kwenye enzi ya Napoleon, mapambo hukaa mbalimbali juu ya fedha iliyoachwa tupu, bata maji na sanamu za ushindi zenye mabawa huongezeka, na mkono wa dele huinuka juu kuliko kifuniko. Kumbuka hata hivyo kwamba mitindo haikubadilika siku moja kila mahali. Zipo karakana zilizoendelea kufua matumbo ya pea yaliyosokotwa wakati wenzao wa Roma walikwisha kuyaacha.

Kipo chombo kimoja ambacho kinastahili kuangaliwa kwa muda mrefu kwa sababu kiliipa kazi ya sonara wa Italia sura yake ya pekee, nacho ni taa ya mafuta ya mezani. Nguzo ya fedha imesimama katika kitako cha duara. Juu ya nguzo kuna tungi la mafuta lenye midomo miwili, mitatu au minne ya tambi. Na juu kabisa kuna pete ya kuibebea. Katika taa zilizofuliwa kwa nyumba kubwa nguzo huwa sanamu ya mungu au ya mtoto mwenye mabawa aliyebeba tungi kichwani. Minyororo myembamba inaning'inia kutoka juu, ikiwa imebeba vifaa vya kuhudumia moto: mkasi wa kukatia tambi, sindano ya kuivutia, kibano, na kofia ndogo ya kuzimia. Hesabu vifaa hivyo kimoja kimoja na ukague kama vyote ni vya mkono mmoja. Minyororo ndiyo iliyokatika kwanza na kubadilishwa kwanza, na taa ambayo vifaa vyake vyote bado viko pamoja nayo ni nadra sana kuliko taa yenyewe.

Umbo linaweza pia kukupa mwaka ambao chombo hakiwezi kuutangulia. Mfano mzuri ni kidau cha wino kilichofuliwa na Vincenzo Coaci wa Roma mwaka 1792, ambacho sasa kiko katika jumba la makumbusho la sanaa la Minneapolis, Marekani. Kidau hicho ni nakala ndogo ya mnara wa uwanja wa Quirinale, wenye sanamu kubwa za kale za mapacha wakiwashika farasi pande mbili za obeliski, yaani nguzo ndefu ya jiwe yenye pande nne na ncha juu. Obeliski hiyo ilisimamishwa kati ya sanamu hizo mwaka 1786 kwa amri ya Papa Pio VI. Hata kama kidau kisingekuwa na tarehe, asingetokea mtu wa kudai kwamba ni cha mwaka 1780. Jizoeze kujiuliza swali hilo kwa kila pambo: kitu kilichonakiliwa hapa kilianza kujulikana lini?

Hatua ya tatu: Pima, papasa, kisha hohoa

Weka chombo kwenye mizani na uandike uzito. Kisha tafuta chini ya kitako tarakimu zilizokwaruzwa kwa ncha ya chuma, nyembamba kiasi kwamba mara nyingi hudhaniwa kuwa mikwaruzo ya kawaida. Wasimamizi wa nyumba za waungwana waliorodhesha fedha kwa uzito, maana fedha ilikuwa akiba ya ukoo sawasawa na sarafu sandukuni, na uzito huo ulikwaruzwa kwenye chombo chenyewe ili mtumishi asikibadilishe na chepesi. Roma ilitumia ratili ya takriban gramu 339, iliyogawanywa kwa wakia 12 zenye takriban gramu 28.26 kila moja. Basi ukikuta maandishi ya ratili 2 na wakia 7, hesabu yake ni kama gramu 876. Mizani yako ikisoma gramu 868, umepata upungufu wa kawaida wa karne mbili za kusuguliwa. Ikisoma gramu 820, kuna kitu kimeondoka: kifuniko kimebadilishwa, sinia dogo la chini limepotea, au nembo imekwanguliwa. Ikisoma gramu 930, kuna kitu kimeongezwa, na kazi yako ni kukitafuta. Hesabu hiyo ndogo inaniambia mengi kuliko chapa tatu zikiwa pamoja, na nasikitika kuona wauzaji wengi wakiipita bila kuitazama.

Baada ya mizani, tumia vidole. Sahani ya fedha iliyofuliwa kwa nyundo haina unene ulio sawa kila mahali. Ukipitisha kidole gumba ndani na kidole cha shahada nje utauhisi ukibadilika polepole. Vichwa vya kondoo, miguu na midomo ya madele kwa kawaida vilisubuwa kwenye kalibu, yaani fedha iliyoyeyushwa ilimiminwa humo, vikanakshiwa kwa patasi baada ya kupoa, kisha vikalehemiwa. Pambo lililotoka kwenye patasi lina makali; pambo lililosubuwa upya kwa kunakiliwa kutoka chombo cha kale lina uvivu fulani, na chini ya lenzi utaona vitundu vidogo vya hewa na punje ambazo hakuna mtu aliyezisafisha.

Kisha hohoa, yaani toa pumzi ya joto juu ya fedha kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu wa pumzi unapoyeyuka, mistari ya lehemu hujitokeza kwa sekunde mbili au tatu, kwa kuwa lehemu ina mchanganyiko tofauti na fedha inayoizunguka. Fanya hivyo kuzunguka chapa, kuzunguka nembo, na kwenye mzizi wa mdomo na mkono. Mstari wa lehemu kwenye mzizi wa mdomo ni wa halali. Mstari wa duara au wa mraba unaozunguka chapa ni habari nyingine, na tutaifikia sasa hivi.

Hatua ya nne: Soma chapa, mji baada ya mji

Chombo cha Kiitalia cha karne ya 18 kwa kawaida hubeba chapa ya serikali au ya mji iliyothibitisha usafi wa fedha, na chapa ya sonara mwenyewe. Katika baadhi ya miji kuna ya tatu, ya mpimaji au ya msimamizi wa chama aliyekuwa zamu mwaka huo.

Roma ilipiga funguo mbili za Mtakatifu Petro zilizopishana chini ya mwavuli wa kipapa. Masonara wake walitumia ishara ndogo au herufi za majina yao. Mwaka 1815, baada ya Papa kurudishiwa utawala wake, amri ya Kardinali Pacca ilipanga upya mambo yote: chapa ya serikali ikawa taji la Papa lenye ngazi tatu pamoja na funguo, na sonara akatakiwa kuwa na chapa yenye umbo la msambamba wa pande nne zilizo sawa. Kwa hiyo msambamba unapoonekana kwenye dele la Kirumi, usiliite la miaka ya 1780 hata kama umbo lake linakuvuta huko. Kipimo cha fedha cha Roma kilikuwa wakia 10 na denari 16 (denari 24 zilifanya wakia moja) za fedha safi katika kila ratili ya wakia 12, sawa na sehemu 889 kwa 1,000.

Genova ndiyo inayompendeza anayejifunza, kwa sababu chapa yake ni mnara mdogo, na mara nyingi unaambatana na tarakimu za mwaka. Napoli nayo ilipiga herufi NAP chini ya taji pamoja na tarakimu za mwaka, ikiongeza herufi za msimamizi wa chama. Baadaye, katika karne ya 19, ikahamia kwenye kichwa cha nguva Parthenope chenye herufi N na tarakimu 8, kwa fedha ya sehemu 833. Venezia ilipiga simba wa Mtakatifu Marko, na jamhuri yake ikaanguka mwezi Mei 1797. Torino ilitumia nembo ya Savoia yenye taji pamoja na chapa za wapimaji wake.

Kuna kipindi kinachowachanganya wengi. Napoleon alipoiunganisha Torino, Genova, Toscana na hatimaye Roma na Ufaransa kati ya mwaka 1802 na 1809, sheria ya chapa ya Kifaransa ilifuata nyuma ya jeshi. Jogoo wa Kifaransa kwenye bakuli la sukari hathibitishi basi kwamba bakuli hilo lilifuliwa Paris. Na bata maji mdogo ndani ya umbo la yai ni chapa ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1893 kwa fedha ya kigeni iliyoingia nchini humo bila asili inayojulikana. Anaeleza safari ya chombo tu, hasemi lolote kuhusu umri wake.

Zitambue pia chapa za baadaye, kwa sababu nakala nyingi nzuri zilifuliwa katika karne ya 19 na ya 20 bila nia yoyote ya kudanganya, na udanganyifu ukaja kwa muuzaji. Sheria ya Italia iliyoungana ya mwaka 1872 ilileta kichwa cha mwanamke mwenye taji la minara pamoja na tarakimu 800, 900 au 950. Kuanzia miaka ya 1930 fedha ilipewa tarakimu 800 pamoja na nambari ya karakana na herufi za mkoa, kwa mfano MI kwa Milano au FI kwa Firenze. Ukiona hayo, umeshika kitu cha karne ya 20, hata kama kimejaa vichwa vya kondoo.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa lehemu. Mghushi hukata kipande chenye chapa za kweli kutoka kijiko kilichoharibika, akakilehemu chini ya chombo kipya. Pumzi yako imekwisha kumfichua. Njia yake ya pili ni kusubu chombo kizima kutoka chombo cha kale, chapa zikiwemo, na hapo kingo za chapa huwa za duara na sakafu yake huwa na punje, ilhali chapa iliyopigwa kwa nyundo ina kingo kali na imeisukuma fedha upande wa pili. Ukipata seti ya vipande sita, pima kwa rula umbali kati ya chapa na chapa. Mkono wa mtu haupigi mara sita kwa umbali ule ule.

Shaka ikibaki, maabara inaweza kupima kwa miali ya eksi bila kukwaruza kitu. Fedha ya karne ya 18 huwa na chembe za dhahabu na za risasi ambazo usafishaji wa zamani haukuweza kuziondoa, na fedha iliyo safi kupita kiasi, isiyo na chembe hizo, imetoka kwenye usafishaji wa umeme wa zama za baadaye. Hali kadhalika dhahabu iliyopakwa juu: ya kale ilibandikwa kwa zebaki na moto, na upimaji huona mabaki ya zebaki, ilhali upakaji wa umeme ulienea baada ya mwaka 1840.

Hatua ya tano: Itafute nembo, na uitafute hata pale ambapo haipo

Nembo ndiyo inayokifunga chombo na ukoo. Nyuki watatu ni wa Barberini, joka chini ya tai ni la Borghese, nguzo ni ya Colonna, milima sita chini ya nyota ni ya Chigi. Kofia pana yenye vishada vinavyoteremka pande mbili ni ya mtu wa kanisa, na wingi wa vishada huonyesha cheo chake. Taji lililo juu ya ngao nalo lina lugha yake: lulu tisa zinazoonekana ni za conte, majani makubwa matano ni ya duca, mwungwana wa cheo cha juu zaidi, ila sonara wa karne ya 18 hakuwa mtu wa sheria za nembo, na mara nyingi alimpamba mteja kuliko alivyostahili, kwa hiyo lichukulie taji kama dokezo.

Nembo mbili ndani ya ngao moja zinaashiria ndoa, na ndoa za waungwana zina tarehe zinazofahamika. Hapo utapata mwaka kwa uhakika kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Ikiwa ubavu hauna nembo, pitisha kidole mahali ambapo nembo ingekaa. Fedha iliyokonda ghafla, au inayobonyea kidogo chini ya kidole, imekwanguliwa. Tazama kwa pembe ya chini kabisa ya mwanga. Mara nyingine kivuli cha mchoro wa zamani bado kimo. Nimewahi kuonyeshwa jozi ya vinara ambavyo karakana moja, iliyopewa kazi ya kuving'arisha tu, ilivipitisha kwenye mashine ya kusugulia mpaka nembo yote ikaondoka. Picha ya zamani ya familia ilionyesha kwamba nembo hiyo ilikuwepo. Vinara vilirudi vikimeremeta, na hakuna njia duniani ya kukirudisha kile kilichoondolewa.

Hatua ya sita: Fuata karatasi

Waungwana waliandika. Ankara za masonara, orodha za urithi na hesabu za wasimamizi wa nyumba zimehifadhiwa kwa wingi. Nyaraka za ukoo wa Borghese, kwa mfano, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Vatikani. Ankara ya karne ya 18 hueleza chombo kwa uzito na kwa umbo, na ule uzito uliokwaruzwa kwenye kitako ndio unaoweza kukutanisha karatasi na chombo.

Jina litakalojitokeza mara kwa mara ukifuata karatasi za Roma ni la Luigi Valadier, aliyezaliwa mwaka 1726, mwana wa sonara aliyehamia kutoka Ufaransa. Aliwafulia akina Borghese, akina Chigi na Papa Pio VI, na umaarufu wake ulivuka mipaka. Pambo kubwa la katikati ya meza alilomtengenezea balozi wa Shirika la Malta (shirika la Kikatoliki la wapiganaji waungwana) mjini Roma, Breteuil, likiwa na mahekalu, matao na nguzo za Kirumi kwa udogo, lilinunuliwa na Malkia Katarina II wa Urusi mwaka 1777. Hata hivyo mteja mkubwa si lazima awe mlipaji mwepesi. Valadier alibanwa na madeni, na mwezi Septemba 1785 alijitupa katika mto Tiber akafa. Mwanawe Giuseppe aliirithi karakana, na baadaye akajulikana zaidi kwa usanifu wa majengo, hasa uwanja wa Piazza del Popolo. Ukisoma ankara za nyumba hizo, angalia tarehe ya kazi na tarehe ya malipo. Pengo lililo kati yao ni sehemu ya historia ya chombo ulichokishika.

Karatasi zitakueleza pia kwa nini vyombo hivi ni vichache hivyo. Majeshi ya Ufaransa yalipoingia Italia mwaka 1796, Papa alitozwa fidia kubwa, na mkataba wa amani wa Tolentino, kati yake na Ufaransa, wa Februari 1797 ukaiongeza. Fedha za makanisa na za nyumba za Roma zilipelekwa kuyeyushwa. Kwa hiyo seti kamili ya mezani ya Kirumi iliyofuliwa kabla ya mwaka huo inahitaji maelezo: ilifichwa wapi, au ilikuwa nje ya Roma kwa nani? Muuzaji asiye na jibu huenda bado ni mkweli, lakini swali lazima liulizwe.

Usichukulie pia kwamba kila chombo chenye nembo ya Kiitalia kilifuliwa Italia. Camillo Borghese alimwoa Paolina, dada yake Napoleon, mwaka 1803, na vyombo vya fedha iliyopakwa dhahabu vyenye nembo yake vilitoka kwa Martin-Guillaume Biennais wa Paris.

Hatua ya saba: Kagua sheria kabla ya kulipa

Kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 70, ambacho aliyekitengeneza amekwisha kufa, hakitoki Italia bila utaratibu. Kikiwa na thamani isiyozidi euro 13,500, kwa kawaida mwenye kitu hutoa tamko. Kikizidi hapo, hutakiwa kibali kutoka ofisi ya usafirishaji ya wizara ya utamaduni, na ofisi hiyo ina mamlaka ya kukataa. Polisi wa Carabinieri wana kikosi cha urithi wa utamaduni kilichoundwa mwaka 1969, na orodha yao ya vitu vilivyoibiwa inaweza kutafutwa na mtu yeyote kwenye intaneti. Itafute kwa umbo na kwa nembo. Ikiwa mkono wa dele au kitasa cha kifuniko ni cha pembe ya ndovu, ujue kwamba biashara yake inabanwa na mkataba wa kimataifa na sheria za nchi moja moja, na kwamba kibali cha fedha hakikufunikii pembe.

Hatua ya nane: Safisha kidogo uwezavyo

Weusi wa fedha ni salfaidi ya fedha, inayotokana na gesi yenye salfa iliyomo hewani. Kila unapousugua unaondoa fedha pamoja nao. Anza na maji ya uvuguvugu yaliyotonezwa sabuni laini isiyo na manukato, pamba laini, na subira. Kaushia kwa kitambaa cha pamba papo hapo. Usiloweke dele lenye mkono wa mbao, wala kinara ambacho kitako chake kimejazwa lami au mbao ndani.

Weusi ukibaki na ukiwa unaficha kazi ya patasi, changanya unga laini kabisa wa chokaa safi, yaani kalsiamu kaboneti, na maji yaliyochujwa kwa mvuke mpaka uwe kama uji mwepesi, upake kwa pamba bila kukandamiza, kwa mwendo ulionyooka, kisha uoshe mpaka unga wote utoke kwenye mifereji ya nakshi. Uache weusi ulio kwenye kina cha majani ya akantho. Sonara alitegemea kivuli hicho, na bila kivuli jani hilo huwa bapa.

Usitumie dawa ya meno, kwa kuwa ina punje ngumu mno. Usitumbukize chombo kwenye dawa ya kuchovya, ambayo huacha fedha ikiwa nyeupe kama ya bati na huingia mahali pasipofikika. Fedha iliyopakwa dhahabu usiisugue kwa chochote. Maji na sabuni vinatosha. Nta ya mshumaa iliyoganda iondoe kwa maji ya uvuguvugu na kidole, wala si kwa kisu. Chumvi isilale usiku kwenye chombo cha fedha, maana hula fedha na kuacha vishimo ambavyo havizibiki. Kwa sababu hiyo vidau vya chumvi vilitiwa kioo au vilipakwa dhahabu ndani.

Hifadhi kila chombo peke yake, kikiwa kimefungwa kwa karatasi nyororo isiyo na tindikali au kitambaa kilichotengenezwa kwa ajili ya fedha, ndani ya sanduku lisilo la mwaloni. Usifunge kwa mpira wala kwa gazeti. Anayeishi pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, atie sandukuni pakiti za silika na azikaushe zinapojaa.

Hatua ya tisa: Andika ulichokiona

Piga picha ya chombo kizima, ya kila chapa kwa karibu ikiwa na rula kando yake, ya nembo kwa mwanga wa ubavuni, na ya maandishi ya uzito. Andika uzito wa leo, vipimo, nyufa, lehemu za ukarabati, vifaa vilivyopo na visivyopo, tarehe, na jina la aliyekukabidhi. Kisha soma tena ile rai uliyoiandika katika hatua ya pili, kabla hujaziona chapa, na uandike chini yake ni wapi umbo na chapa vimekubaliana na ni wapi vimepingana. Nakala moja ya karatasi hiyo ikae ndani ya sanduku pamoja na chombo, na nyingine ikae mahali pengine.